Rimoti Mpya kwa Ndege ya Zamani

Huko Marekani, wapenzi wengi wa ndege za mfano bado wana ndege ya mbao za balsa waliyoiunda miaka 25 au 30 iliyopita. Mbao zingali imara. Kilichozeeka ni rimoti. Hizo za zamani hutumia masafa ya MHz 72, yaliyogawanywa katika chaneli 50, kuanzia ya 11 hadi ya 60. Kila chaneli ina kristali yake inayoamua masafa, na uwanjani palitundikwa ubao wa vibanio: huwashi rimoti kabla hujachukua kibanio cha namba yako. Mwingine akiwasha chaneli hiyohiyo wakati ndege yako iko angani, umeipoteza.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaingia sokoni rimoti za GHz 2.4. Kipokezi kilichomo ndani ya ndege huitambua rimoti yake kwa namba maalumu na kupuuza nyingine zote, kwa hiyo watu wengi hurusha kwa pamoja bila kuvurugiana. Mimi sioni sababu ya kuendelea kuiamini kristali ya zamani kwa ndege unayoithamini.

Lakini wengi hununua rimoti mpya, wakachomoa kipokezi cha zamani, wakachomeka kipya, basi. Betri inabaki ileile, na hapo ndipo hatari ilipo. Kipokezi cha zamani kikipungukiwa umeme, ndege hutikisika kidogo kisha hutii tena. Kipya kina kompyuta ndogo ndani yake. Volti ikishuka kupita kiasi, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua, hujizima na kuanza upya, na wakati wote huo ndege haina rubani. Betri ya nikeli-kadmiamu ya seli nne hutoa volti 4.8, zinazotosha ndege ikiwa mezani. Angani, servo zote (mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege) zikivuta kwa pamoja, betri iliyochoka hushindwa.

Kagua na nyaya. Chuna kidogo ganda la waya mweusi wa betri ya zamani: shaba nzima hung'aa, iliyoliwa huwa nyeusi na hukatika ukiikunja. Ukikuta weusi huo, badilisha waya wote pamoja na swichi, kwa sababu kutu hiyo hutambaa ndani ya ganda bila kuonekana. Servo zinazozunguka bila kukwaruza zinaweza kubaki, ila linganisha kwanza mpangilio wa nyaya kwenye plagi. Baadhi ya servo za zamani zina chanya na hasi mahali tofauti na za leo.

Antena nayo imebadilika. Ile ya MHz 72 ilikuwa waya wa karibu mita moja uliovutwa hadi mkiani. Ya GHz 2.4 hupokea kwa ncha ya sentimita 3 hivi. Usiikate, usiikunje, wala usiilaze karibu na betri au nyuzi za kaboni. Zikiwa mbili, zipange kwa pembe mraba.

Kabla ya kuruka, pima umbali ukitumia kitufe cha kupunguza nguvu ya rimoti, injini ikinguruma. Kisha zima rimoti ndege ikiwa imeshikiliwa chini: injini lazima ipunguze kasi yenyewe. Kama fedha zako hazitoshi kwa vyote, nunua kwanza betri, waya na swichi, na ndege ibaki chini mpaka upate rimoti.