Jazba: neno la uwanjani lenye uzito mahakamani

Ukisikia kwamba fulani "alipandwa na jazba", huna haja ya kuuliza kama alikuwa na furaha. Sauti ilipaa, mishipa ya shingo ikamtoka, na waliokuwa karibu wakamsihi akae chini anywe maji. Jijini Dar es Salaam neno hili husikika sana kwenye mpira na siasa. Refa akitoa kadi nyekundu au mjumbe akinyimwa nafasi ya kusema, watu huombwa "kuweka jazba pembeni".

Neno lenyewe halikuanza na ugomvi. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuvuta. Kwa masufi, ni hali ya mja kuvutwa na Mola wake mpaka akajisahau. Aliyezama humo huitwa majdhubu. Wasemaji wa Kiurdu nao wanalo neno hilohilo, na kwao linaweza kuwa sifa kabisa: mchezaji mwenye jazba ni yule mwenye moyo wa kupambana.

Kiswahili kimeiacha ile sifa, kikabaki na kule kuvutwa, yaani mtu kuondolewa katika nafsi yake kwa muda. Ndiyo maana jazba si hasira tu. Mtu anaweza kuishi na hasira miaka kumi, akaamka nayo, akanywa nayo chai na hata kumwamkia jirani aliyemkosea. Jazba haina subira hiyo. Hupanda ghafla, na ikishuka humwacha mwenyewe akijiuliza kilichompata.

Wala jazba si shauku, ashiki au hamasa, ingawa kamusi za lugha mbili huweza kuyarundika maneno haya pamoja. Kijana wa Kigali au Kampala anayejifunza Kiswahili, akiandika katika barua ya kuomba kazi kwamba ana "jazba kubwa ya kufundisha watoto", atamtia hofu mwalimu mkuu. Alichotaka kusema ni shauku, au ari.

Hilo ni kosa la kuchekesha. Mahakamani kosa la namna hiyo halichekeshi.

Sheria za adhabu za Tanzania, Kenya na Uganda zimerithi kipengele kimoja kutoka enzi za Mwingereza. Kinasema kwamba aliyeua akiwa amepandwa na mhemko mkali kwa sababu ya kuchokozwa ghafla, kabla haujapita muda wa kutosha kupoa, hana hatia ya mauaji ya kukusudia, bali ya kuua bila kukusudia. Tanzania ni kifungu cha 201. Kenya ni cha 207. Uchokozi wenyewe hupimwa kwa kumtazama mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa: je, naye angeshindwa kujizuia?

Tofauti ya makosa hayo mawili ni kubwa. Nchini Tanzania, sheria inaagiza adhabu ya kifo kwa mauaji ya kukusudia. Kuua bila kukusudia kunaweza kuleta kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kutoa miaka michache. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, mahakama za juu kabisa ziliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, ila uzito wa kosa haukubadilika.

Sasa mchukue shahidi kizimbani anayeeleza ugomvi wa kilabuni. Akisema mshtakiwa "alikuwa na hasira naye", wakili wa serikali atauliza: tangu lini? Hasira ya wiki iliyopita inanuka nia. Akisema "alipandwa na jazba palepale", ametaja ughafla ambao mtetezi anautafuta. Mkalimani akiandika neno moja la Kiingereza kwa yote mawili, tofauti aliyoisema shahidi haifiki kwenye kumbukumbu. Kwa miaka mingi ndivyo kesi nyingi zilivyoandikwa: maelezo ya Kiswahili, kumbukumbu za Kiingereza.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inampunguzia shahidi safari ya kwenda na kurudi kati ya lugha mbili. Inamwongezea kazi mwandishi wa sheria, kwa kuwa hasira, ghadhabu, harara na jazba havikai mahali pamoja.

Neno pekee halimwokoi mtu, bila shaka. Jaji hutazama silaha, majeraha na muda uliopita. Aliyetukanwa akashika kigoda kilichokuwa mbele yake ana la kujitetea. Aliyetembea hadi nyumbani, akatafuta panga uvunguni, akarudi kilabuni, ataulizwa jazba gani hiyo isiyopoa njiani.