Ugonjwa unaoficha mpigo wa mkono: Kujisikia fiti si kupona

UNGEMWONA Ashton Kutcher akikimbia marathoni ya New York Novemba 2022, hungedhani mwili huo umewahi kumgomea. Lakini miezi mitatu awali, mwigizaji huyo wa Marekani alikuwa amefichua kwamba maradhi ya mishipa ya damu yaliwahi kumvuruga macho, masikio na hata uwezo wa kusimama bila kuyumba. Ilimchukua karibu mwaka mmoja kurejea hali yake.

Madaktari huita maradhi haya vaskulaitisi. Si ugonjwa mmoja, ni familia nzima. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka na kushambulia mishipa ya damu. Kuta za mishipa huvimba, njia ya damu ikawa nyembamba au kuziba kabisa. Hauambukizwi, na wala si mambo ya kurogwa.

Katika familia hiyo kuna mmoja unaowaandama vijana: Takayasu. Umepewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani ambaye mwaka 1908 alichapisha habari za msichana wa miaka 21 aliyekuwa na mishipa ya ajabu ndani ya macho. Wenzake wakasema nao wamewaona wagonjwa kama huyo, tena ukiwashika kifundo cha mkono husikii mpigo wowote. Wengi wanaoupata ni wanawake, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 40.

Shida ni kwamba huanza kimyakimya. Uchovu usioisha, homa ya hapa na pale, jasho la usiku, kupungua uzani. Hapa kwetu dalili hizo hufanya watu wafikirie TB kwanza, na ni sawa kuipima. Ila kukiwa hakuna TB na mwili bado unateta, usikubali mambo yaishie hapo.

Sikiliza mikono yako pia. Unasuka mtu nywele au umeshika chuma cha juu ndani ya matatu, na baada ya dakika chache mkono umechoka na kuuma, ukiupumzisha unatulia. Kizunguzungu. Presha kupanda ukiwa na miaka 23 tu. Hizo si dalili za "stress" kila wakati.

Kuna kipimo cha kwanza kisichohitaji mashine ya mamilioni: mwambie nesi akupime presha mikono yote miwili. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10, muulize daktari sababu. Mishipa ya mikono yote ikiwa imebana, mashine inaweza kuonyesha presha ya chini ilhali ndani ya mwili iko juu, na ndiyo maana wagonjwa wengine hupimwa mguuni. Baada ya hapo ndipo huja vipimo vya damu na skani ya kuonyesha mishipa yenyewe.

Matibabu yapo. Mara nyingi huanza na steroidi, hasa prednisoloni, kwa dozi kubwa inayopunguzwa polepole kwa miezi mingi. Huongezwa dawa za kutuliza kinga kama methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Methotreksati humdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo suala la kupanga uzazi lazima lizungumzwe mapema. Wengine huhitaji sindano ghali, au upasuaji wa kufungua mshipa uliobana.

Noma huanza dawa zinapofanya kazi. Maumivu yameisha, lakini uso umevimba na kuwa mviringo, chunusi zimejaa, usingizi hauji. Watu mtaani wanakurushia maneno: "Umenona siku hizi! Pesa imeingia?" Hawajui kwamba ni tembe. Kijana anajitazama kwenye simu, anachukia picha anayoiona, kisha anaamua kuacha dawa kivyake. Si amepona?

La, hajapona. Takayasu hutulia, na kwa wengi hurudi. Mshipa unaweza kuendelea kuziba bila uchungu wowote, hadi siku moyo au ubongo utakapokosa damu. Tena, mwili uliozoea steroidi kwa muda mrefu husahau kutengeneza ya kwake. Ukizikata ghafla unaweza kuzimia, hata kufa. Uso hupungua dozi inapopunguzwa. Mshipa ulioziba haufunguki kirahisi hivyo.

Kwa hivyo, kama tembe zinakutesa, mwambie daktari hivyo hivyo bila aibu. Anaweza kupunguza dozi, kuongeza dawa nyingine, kukupa kalsiamu ya kulinda mifupa na kukupima sukari. Ukipata homa, usingoje, kwa sababu kinga yako iko chini. Madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache Kenya na wengi wako Nairobi, basi weka nakala za vipimo vyako kwenye simu. Uliza mapema SHA italipia nini, ndipo upange nauli na pesa za dawa.

Na wewe mwenye rafiki anayeumwa, acha kumhesabia kilo. Muulize kliniki ni lini, umsindikize.