Antoine Doinel na Maswali ya Watu Wazima

Katika uhakiki wa sanaa, filamu ya makuzi ni ile inayofuatilia kipindi ambamo mtoto ameshaacha kuwa mtoto lakini bado hajakubaliwa kuwa mtu mzima, na kwa kuwa kipindi hicho hujaa mivutano ya nyumbani na shuleni, wahakiki huijadili kwa dhana mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ukengeushi, yaani hali ya mtu kujiona mgeni miongoni mwa watu wake mwenyewe. Ya pili ni mgogoro wa vizazi, ambao ni mgongano kati ya wenye mamlaka ya umri na wale wanaotakiwa kuyatii. Filamu ya Kifaransa Les Quatre Cents Coups, iliyoongozwa na François Truffaut na kutolewa mwaka 1959, inazionyesha dhana hizo kwa uwazi wa kipekee, ingawa haina hotuba ya uasi hata moja wala mzazi katili wa kuchukiwa.

Mhusika mkuu wake, Antoine Doinel, aliyeigizwa na Jean-Pierre Léaud akiwa na umri wa miaka 14, anatengwa zaidi na namna anavyoulizwa kuliko na namna anavyoadhibiwa. Mama, baba wa kambo, mwalimu na polisi humwendea kwa maswali ambayo majibu yake wamekwisha kuyaamua, na mtoto hujifunza mapema kwamba anayeuliza hivyo hatafuti ukweli, anatafuta kuyamaliza mazungumzo. Ndiyo maana mwalimu anapombana kuhusu utoro wake, Antoine anajibu kwamba mama yake amefariki. Uongo huo haudumu, kwani wazazi wanafika shuleni na baba wa kambo anamzaba makofi mbele ya wenzake, lakini katika muda mfupi uliotangulia mwalimu yule mkali amemsemesha kwa upole ambao ukweli haukuwahi kumpatia.

Nyumbani, hoja hiyohiyo inajengwa kwa nafasi. Familia inaishi katika fleti finyu jijini Paris, na Antoine hulala ndani ya begi la kulalia kwenye ujia ulio karibu na mlango, kiasi kwamba mama anaporejea usiku analazimika kumruka ili apite. Hakuna anayelitamka jambo hilo kuwa ni dhuluma. Mpigapicha Henri Decaë alitumia skrini pana, ambayo zama hizo ilizoeleka katika filamu za vita na za mbuga za Marekani, akaijaza kuta, makabati na migongo ya watu wanaopishana kwa shida, huku kijana akisikia gizani wazazi wake wakigombana juu yake kana kwamba hayupo.

Hata hivyo, Truffaut hawasawiri wazee hao kama maadui. Mama ni mwanamke ambaye bado kijana, aliyezaa pasipo kutaka na anayefanya kazi mchana kutwa. Baba wa kambo ni mcheshi, na ndiye aliyempa mtoto jina lake la ukoo. Jioni ambayo mshumaa aliouwasha Antoine kwa heshima ya mwandishi Balzac unakaribia kuunguza nyumba, wote watatu wanaishia sinema na kurudi wakicheka. (Filamu wanayoitazama ni Paris nous appartient ya Jacques Rivette, rafiki wa Truffaut, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijatolewa; ni utani wa watu wa fani.) Furaha hiyo ya saa chache inaumiza kuliko kofi, kwa sababu inathibitisha kwamba familia hii ingeweza kuwa familia.

Mambo yanaharibika Antoine anapoiba taipureta ofisini kwa baba wa kambo, akashindwa kuiuza, kisha akakamatwa akiirudisha. Baba wa kambo mwenyewe ndiye anayemfikisha polisi, na kutoka hapo kijana anapelekwa katika kituo cha uangalizi wa watoto. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1945 ilikuwa imeunda mahakimu maalumu wa watoto na kuagiza malezi yatangulie adhabu, lakini filamu inaonyesha jinsi taasisi iliyokusudiwa kulea inavyorithi mazoea ya shule na nyumba: foleni, filimbi na kofi la mezani.

Katika kituo hicho ndimo lilimo onyesho muhimu kuliko yote, yaani mahojiano na mwanasaikolojia, mtaalamu wa mienendo ya akili. Mwanasaikolojia haonekani hata mara moja. Husikika sauti yake tu, na kamera inabaki kwa Antoine, ambaye anachezea vidole, anatabasamu kwa aibu na kueleza kwamba husema uongo kwa kuwa hata akisema kweli haaminiwi. Hapo ndipo anapofichua kwamba anajua mama yake alitaka kuitoa mimba na kwamba bibi yake ndiye aliyezuia. Majibu hayo hayakukaririwa: wakati wa kupiga picha, Truffaut ndiye aliyeuliza, Léaud akajibu kwa maneno yake, na sauti ya kike ikatiwa baadaye. Kwa hiyo anayemsikiliza mtoto kwa mara ya kwanza ni mwongozaji wa filamu aliyejificha nyuma ya kamera, mtu ambaye mwaka 1948 naye alipelekwa na baba yake wa kambo katika kituo cha namna hiyo huko Villejuif.

Mgogoro wa vizazi ulikuwapo pia katika fani yenyewe. Jina Wimbi Jipya, ambalo leo hutaja kundi la waongozaji vijana wa Ufaransa, lilivumishwa mwaka 1957 na jarida la L'Express lilipochunguza fikra za vijana kwa jumla, kabla halijahamia kwenye sinema. Truffaut, aliyewashambulia wakongwe wa sinema ya Ufaransa katika makala ya mwaka 1954, alinyimwa mwaliko kama mhakiki katika tamasha la Cannes mwaka 1958. Mwaka uliofuata alitunukiwa hapohapo tuzo ya mwongozaji bora.

Mwishoni mwa filamu Antoine anatoroka wakati wa mechi ya mpira, anakimbia hadi baharini, ambako hajawahi kufika, kisha anageuka na kuikabili kamera, na picha inaganda. Wapo wanaoona uhuru katika mgando huo na wapo wanaoona kifungo. Lililo dhahiri ni kwamba maji yamemzuia kuendelea na kwamba safari hii ni yeye anayewatazama watu wazima kama anayeuliza. Truffaut aliendelea na mhusika huyo katika kazi nne zaidi, hadi L'Amour en fuite ya mwaka 1979, ambamo Antoine ameshakuwa baba na ametalikiana na mkewe. Humo anakutana na mwanamume ambaye Antoine, alipokuwa mtoro wa shule, alimwona mtaani akimbusu mama yake. Mwanamume huyo anampeleka kaburini kwa mama na kumhakikishia kwamba alipendwa. Onyesho hilo linagusa, lakini halifikii nguvu ya picha ya pwani, kwa kuwa linampa Antoine jibu kupitia kwa mtu mwingine wakati mama mwenyewe hawezi tena kuulizwa.