Kadi na Kompyuta: Ndoa Isiyotaka Pupa

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hii niliielewa vizuri muhula uliopita, nilipounguza pini moja ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya shule yetu inayotoshea kiganjani. Tegeni sikio niwaeleze kosa langu, msije mkalirudia.

Kompyuta hii huendeshwa na Linux. Aina nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka wa 2014 zina pini 40 ubavuni, na hapo ndipo kadi za nyongeza huchomekwa. Pini mbili kati ya hizo hutoa umeme wa volti 5. Mimi nami nikadhani, ah, basi zote zinastahimili volti 5! Kumbe wapi! Pini zinazopokea ishara huhimili volti 3.3 tu. Kadi yangu ya kupima maji tangini ilijibu kwa volti 5, na pini ikafa papo hapo.

Dawa yake ni rahisi, tena tunaisoma katika Fizikia. Unganisha rezista mbili kwa mfuatano: ya ohm 1,000 upande wa kadi, na ya ohm 2,000 upande wa volti sifuri. Pini ikichukua ishara yake katikati, itapata theluthi mbili za volti 5, yaani kama 3.3 hivi.

Jambo la pili ni utambulisho. Kadi kuchomekwa si hoja. Lazima Linux iijue. Baadhi ya kadi zina kumbukumbu ndogo ambayo kompyuta huisoma inapowashwa, kupitia pini ya 27 na ya 28. Zisizo nayo, ni wewe uzitaje katika faili iitwayo config.txt.

Aidha, kadi zinazotumia njia ya I2C hushiriki pini ya 3 na ya 5, kila moja na namba yake. Namba zikifanana, mambo huharibika. Ni kama wanafunzi wawili wanaoitika jina moja darasani. Mwalimu atajuaje nani kajibu?

Kwa hivyo, jameni, zima kompyuta kabla ya kuchomeka chochote, soma karatasi ya kadi, kisha pima volti kwa mita. Kompyuta yetu ingali hai, lakini pini ile haitafufuka. Nasi shule nzima tunayo moja tu!