Trekta limezimwa, jembe linashuka: uchague vali gani?

Umeegesha trekta jioni, jembe la diski likiwa juu. Asubuhi unalikuta limelala chini, na hakuna hata tone la mafuta lililomwagika. Sasa mafuta yameenda wapi?

Mara nyingi yamerudi kwenye tangi kwa njia za ndani. Ukivuta wenzo wa haidroliki, unasogeza spuli, yaani kipande cha chuma cha mviringo kinachoteleza ndani ya tundu lake. Ili kiteleze, lazima pabaki nafasi, nyembamba kuliko unywele. Uzito wa jembe ukisukuma mafuta usiku kucha, yanapenya humo kidogo kidogo. Sili ya pistoni ikichoka nayo, hali inakuwa mbaya zaidi.

Dawa ya spuli inayovujisha ni vali ya njia moja. Ndani yake kuna koni inayosukumwa na springi hadi ikalie kiti chake. Mafuta ya pampu yanaifungua. Yakitaka kurudi, yenyewe ndiyo yanayoibana. Mzigo ukiwa mzito, inabana zaidi.

Vizuri, lakini jembe litashukaje? Hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Silinda yako ina njia ngapi? Ukitaka kushusha, koni lazima isukumwe ifunguke. Vali ya pailoti hufanya hivyo kwa kuazima presha kutoka upande wa pili wa silinda. Kwa hiyo inahitaji silinda yenye njia mbili. Ile ya njia moja, ambayo hushuka kwa uzito wa jembe tu, haina presha ya kuazima. Ukiifungia vali hii bila kuiletea mafuta ya pailoti kutoka kwingine, jembe litapanda na kugoma kushuka.

Mzigo unasukuma au unavuta? Silinda ya kiungo cha juu, kile kinachoshika jembe kwa juu, husukumwa jembe likiwa kazini na huvutwa likinyanyuliwa. Hapo chagua vali ya pailoti ya pande mbili, inayofunga njia zote mbili.

Mzigo utakimbia? Jembe zito likishuka kwa kasi kuliko pampu inavyoleta mafuta, presha ya pailoti inapotea na vali inafunga. Presha ikirudi, inafungua tena. Matokeo yake jembe linashuka kwa kuruka-ruka na vyuma vinagongana. Kwa mzigo wa namna hiyo tafuta vali ya kusawazisha mzigo, inayofunguka taratibu.

Mafuta ni kiasi gani? Hapa wengi hukosea. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 63 na rodi ya milimita 36. Upande wa rodi una nafasi ndogo, kwa sababu rodi yenyewe imechukua sehemu. Ukiingiza lita 40 kwa dakika upande huo, upande wa pili zinatoka karibu lita 60. Nunua vali ya 60. Ukinunua ya 40, unabana njia na mafuta yanachemka bure.

Halafu angalia presha. Tuseme silinda hiyo inabeba nguvu ya niutoni 18,000: mafuta yaliyofungiwa yana presha ya baa 58 hivi. Vali yenye uwiano wa pailoti wa 4 kwa 1 itahitaji takribani robo yake, kama baa 15, ili ifunguke.

La mwisho ni mahali pa kuifunga: kwenye silinda yenyewe, siyo karibu na wenzo. Ikiwa mbali, mpira wa mafuta ulioko katikati ukipasuka, jembe linaanguka kana kwamba vali haipo. Ikiwa kwenye silinda, mpira utapasuka lakini mafuta yanayobeba mzigo yatabaki ndani.

Hata hivyo, uchafu kidogo tu ukikaa chini ya koni unatosha kuifanya ivujishe. Kwa hiyo usiingie chini ya jembe kwa kuamini vali. Lishushe hadi ardhini, au liwekee stendi imara kwanza. Vali inalinda kazi yako. Mgongo wako unalindwa na chuma kilichosimama chini ya jembe.