Plaketi mpya, lakini freni haishike
Kwenye barabara za matope za Kivu, plaketi za freni ya nyuma zinaisha mbio: mchanga unazikula kama msasa. Unene ukibakia milimita 1, motari abadilishe, asingoje chuma ikwaruze diski.

Kabla ya kuingiza mpya, fundi anarudisha pistoni ndani polepole, akichunga mafuta ya freni yasimwagike, maana yanakula rangi ya pikipiki. Mkono wenye grisi usiguse plaketi.

Hatari yenyewe inakuja kisha kazi. Pistoni iko bado mbali, pedali inashuka bure. Ikanyagwe mara nyingi, pikipiki ikiwa imesimama, mpaka iwe ngumu. Ikibakia laini, pengine hewa iko ndani ya tiyo. Fundi aitoe kwanza, abiria asipande.