Kwa Nini Nyuki Wanalipenda Tope la Kisimani

Kiangazi kikikolea Chamazi, Toangoma au Bunju, hapa Dar es Salaam, nyuki hujaa pale koki inapodondosha, kwenye mfereji wa maji ya kufulia, na kwenye tuta la mchicha lililotoka kumwagiliwa. Ndoo ya maji safi ipo hatua mbili tu, lakini hawaigusi.

Wana sababu. Nyuki huyatafuta maji kwa harufu, na maji safi hayanuki. Harufu ya tope lenye majani yanayooza huwafikia wangali hewani. Halafu kuna chumvi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba nyuki huionja chumvi kwa miguu, hata ikiwa kidogo mno. Akitua ukingoni tu, ladha ameshaijua. Naye Rachael Bonoan wa Tufts University, Marekani, aliwawekea nyuki maji yenye madini tofauti, akakuta wanaipenda zaidi sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Madini mengine waliyafuata kwa msimu, chavua ilipopungua. Kwa hiyo kisima chetu cha pwani, ambacho maji yake ya chumvichumvi tunayalalamikia kila siku, kwao ni neema.

Maji hayo hayanywewi tu. Majana, yaani mabuu ya nyuki, hukua vizuri kwenye nyuzijoto 35 hivi. Jua likiuchoma mzinga, nyuki hupaka matone ya maji kwenye masega, wengine wakapepea mabawa mpaka maji yageuke mvuke na joto lishuke. Mjerumani Martin Lindauer, katika miaka ya 1950, aligundua jinsi nyuki mchota maji anavyojua kama arudi kisimani au apumzike. Hakuna anayemwamuru, hata malkia. Anaingia na shehena yake, anawatafuta wa kumpokea. Wakimkimbilia na kumfyonza mdomoni papo hapo, anageuza safari, na pengine hucheza ngoma ya kuwaelekeza wenzake. Wakimzungusha, anaacha. Kiu ya mzinga mzima anaisoma kwenye haraka ya wale wachache waliompokea. Mimi jambo hilo bado linanistaajabisha.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anapuliza dawa ya wadudu pale kwenye koki. Tone lenye sumu husafiri hadi kwenye majana, na mimea ya maboga na matango ya uani hutegemea nyuki hao hao ili ishike matunda. Tena nyuki aliyekuja kuchota maji hana mzinga wa kulinda pale. Huuma akikanyagwa au kubanwa. Watoto na wavae ndala.

Ziba koki inayovuja, kisha weka beseni bapa pembeni mwa bustani, mbali na njia, lenye mawe yanayochomoza juu ya maji ili wasizame. Tia chumvi kidogo na kiganja cha udongo wa tuta. Lisikauke hata siku moja, kwani wakishapazoea mahali hurudi hapo hapo. Kila baada ya siku tatu mwaga maji, usugue kingo na ujaze mengine, kwa sababu mbu wa dengi naye hutaga kwenye beseni kama hilo.